Siku ya Pongezi shuleni kwetu: maswali ambayo wazazi hawachoki kuuliza

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa kundi la muziki katika shule moja ya Tororo, mashariki mwa Uganda, yenye chekechea, msingi na sekondari ndani ya ua mmoja. Kila ikifika Juni, simu ya ofisini haitulii. Maswali yafuatayo nimeyaokota kwenye simu hiyo, getini siku za kutembelea watoto, na kwa mama anayetuuzia chapati. Mengine nimeyaacha na ukali wake.

Siku ya Pongezi ni nini, na huwa lini?

Ni Jumamosi moja mwishoni mwa muhula wa pili, siku chache kabla ya kufunga shule. Tunawapongeza watoto kwa masomo, kwa muziki na kwa kazi za vilabu. Muhula wa tatu tuliukwepa makusudi: P.7 (darasa la saba la msingi), S.4 na S.6 (kidato cha nne na cha sita) wanakuwa kwenye mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, na hakuna mwalimu mwenye moyo wa sherehe wakati huo. Kufikia Agosti mashindano ya muziki yamepita ngazi kadhaa, vilabu vina cha kuonyesha, na matokeo ya watahiniwa wa mwaka uliotangulia yamekwisha poa. Waliomaliza P.7 tunawaita warudi kama wageni. Wanakuja wamevaa sare za shule zao mpya, na wadogo zao hawabanduki kwao siku nzima.

Zamani mlikuwa mnasoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mbona mmeacha?

Tuliacha kwa aibu yetu wenyewe. Mwaka mmoja aliyekuwa anasoma orodha, na ni mimi, alifika kwa mtoto wa 58 kati ya 58. Nilipotaja jina, mama yake akasimama akapiga kigelegele. Alikuwa ametoka upande wa Nagongera kwa boda boda, amefunga genge lake la nyanya ili asichelewe, na hakujua kwamba orodha ilikuwa inashuka. Aliposikia jina la mwanawe kwenye kipaza sauti alijua ni heri. Watu wakacheka. Yule mtoto akainama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Tangu hapo nafasi tunaziandika kwenye ripoti, anazisoma mzazi nyumbani. Jukwaani tunasoma alichokifanya mtoto. Msomaji atasema, kwa mfano: "Huyu alianza mwaka na alama 31 za hisabati, sasa ana 54, na kila Jumatano alibaki darasani na wenzake watatu kufanya mazoezi." Hapo mama akipiga kigelegele, kipo mahali pake.

Mwanangu alipata agrigeti 9 kwenye PLE, jirani yake 4. Yule wa 4 alitangazwa redioni. Ninyi mtawatofautisha?

Hapana, na nieleze kwa nini, maana kuna wazazi wanaolala na namba hizi bila kujua zinavyopatikana. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ina masomo manne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo lina alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 9. Ukijumlisha unapata agrigeti: bora kabisa ni 4 na mbaya kabisa ni 36, na daraja la kwanza linaanzia 4 hadi 12. Kwa hiyo mwanao yumo daraja la kwanza pamoja na huyo jirani. Tofauti yao huenda ni swali moja au mawili katika kila karatasi.

Wa 4 anapigiwa makofi na magazeti, na ana haki yake. Sisi tunao watoto 40 na zaidi kila mwaka, na ninawajua hadi wanaopenda ukoko wa posho, yaani ugali. Aliyepata 22 huku akiuguza bibi yake muhula mzima alifanya kazi ambayo namba haioni. Wote wanaitwa, na kila mmoja anasomewa sentensi yake.

Aliyefeli je? Naye anaitwa?

Anaitwa akitaka mwenyewe. Tunamuuliza faraghani kwanza. Wengine hukataa, na hatuwasukumi.

Matokeo ya S.4 siku hizi ni herufi tu. Sasa mnampongeza nani, kama hakuna daraja la kwanza?

Swali hili lilianza Februari 2025, matokeo ya kwanza ya UCE, mtihani wa S.4, ya mtaala mpya yalipotoka. Mtaala wenyewe ulianza mwaka 2020 na S.1, na kundi hilo likafanya mtihani 2024. Hakuna tena agrigeti wala daraja. Kila somo linapata herufi kuanzia A hadi E, na asilimia 20 ya alama zinatokana na kazi anazofanya mwanafunzi shuleni, zinazobaki 80 ndizo za mtihani wa mwisho.

Wazazi wengi walilalamika kwamba hawana cha kujivunia kwa jirani. Mimi nilifurahi, nakiri. Ile asilimia 20 imetupa kitu cha kuonyesha. Siku ya Pongezi tunapanga meza chini ya mwembe na kila mwanafunzi wa S.3 na S.4 anasimama na mradi wake: sabuni ya maji, jiko la udongo linalobana makaa, mikoba ya karatasi, mche wa pilipili hoho ndani ya kopo la rangi. Mzazi anapita, anauliza bei, anauliza imetengenezwaje. Kuna baba aliyesimama mbele ya jiko la binti yake kwa nusu saa akimhoji kama fundi anayemhoji fundi mwenzake. Pongezi ya namna hiyo siwezi kuiandika kwenye cheti.

Ninalipa karo mwanangu asome, si acheze ngoma. Mbona siku nzima ni ngoma?

Si siku nzima, mzee wangu, ni saa moja na nusu. Lakini swali lako ni zito, na sitalipitia juujuu.

Kwanza, muziki sasa ni masomo. Katika mtaala mpya wa sekondari sanaa za maonyesho ni somo la kuchagua, lina kitabu na lina mtihani. Anayeendelea nalo atalikuta Makerere, ambako kuna idara yake.

Pili, tazama mashindano ya muziki, ngoma na maigizo yanavyokwenda. Shule inaanza ngazi ya chini, ikipita inakwenda wilaya, kisha mkoa, kisha taifa. Kwaya za shule zote zinapewa wimbo uleule, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Kuna kusoma noti ambazo mtoto hajawahi kuziona, kuna wimbo wa asili, kuna ala, kuna mchezo wa kuigiza. Mtoto anayeimba sauti ya tatu kwa miezi mitatu anajifunza kusikiliza wenzake kuliko nilivyoweza kumfundisha mimi kwa fimbo ya macho.

Tatu, hivi vitu vinakufa. Bigwala, yale matarumbeta ya vibuyu ya Busoga, UNESCO iliyaweka mwaka 2012 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Mwaka 2016 ikafuata muziki wa odi, kinubi cha Wamadi. Hapa kwetu Tororo Mteso akitaka mwanawe ajue akogo, kinanda cha vidole gumba, atamtafuta nani? Babu amekwisha kwenda. Imebaki shule.

Na wimbo wa taifa tunaousimamia kila asubuhi, uliotungwa kwa ajili ya uhuru wa 1962, ulitungwa na mwanamuziki, George Wilberforce Kakoma. Naye alikuwa mtoto wa mtu.

Kundi la ngoma likishinda, zawadi anapewa nani? Mwanangu yuko nyuma, haonekani.

Hapa niruhusuni nisimulie, maana jibu tulifundishwa na mtoto.

Tulikwenda mashindano ya mkoa na baakisimba, ngoma ya Waganda. Ngoma ile ina ngalabi, ngoma ndefu yenye ngozi ya kenge iliyopigiliwa vigingi vidogo, na sauti yake ni lazima ikate juu ya nyingine. Usiku kucha mvua ilinyesha, na gari tulilokodi lilikuwa linavuja. Asubuhi nikaigonga ngalabi, ikalia kama boksi la maembe. Zamu yetu ilikuwa ya nne. Jua hakuna.

Alikuwepo mtoto wa P.6 ambaye hakuwa anacheza wala kupiga. Kazi yake ilikuwa kubeba njuga na kuhesabu sketi za manyoya. Alitoweka. Nilimkuta nje ya geti kwa muuza rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, amepiga magoti kando ya sigiri, ngalabi ameiinamisha juu ya makaa, mdomo chini, anaizungusha polepole kama mtu anayebabua ndizi. Kila baada ya mizunguko michache anaigonga kwa ncha ya kidole, anatega sikio, anairudisha. Muuza rolex alikuwa amesimamisha biashara, anamtazama tu. Nikataka kumwambia atoe, ngozi itapasuka. Akaniambia, "Mwalimu, bado kidogo." Akagonga mara ya mwisho, akainuka.

Tulikuwa wa pili siku ile. Siku ya Pongezi ilipofika tuliwaita wachezaji 20, wapigaji 6 na mwimbishaji. Yule mtoto tulimsahau. Alikuwa amekaa mstari wa tatu, anapiga makofi kuliko wote.

Ndiyo maana sasa zawadi ya kundi ni moja, inabaki shuleni, na vyeti vinaandikwa kwa kila aliyepanda gari, na kila cheti kinataja kazi: alipiga, aliimba, alishona, alibeba, alikausha ngoma. Orodha inaandikwa na watoto wenyewe, si na mimi. Wao hawasahau.

Vilabu gani vinahesabiwa?

Vyote vilivyofanya kitu kinachoonekana. Klabu ya wanyamapori, skauti, midahalo, wakulima vijana, waandishi, na klabu ya Kiswahili, ambayo mimi ni mlezi wake na sitajifanya sina upendeleo. Klabu iliyokuwa inakutana kunywa soda haiitwi. Mlezi anatakiwa alete daftari: walikutana lini, walifanya nini, nani alikuwepo. Skauti huleta daftari safi mpaka naona wivu.

Midahalo inasumbua kidogo, kwa sababu mshindi ni yule anayesema sana. Tunatoa cheti pia kwa aliyeuliza swali bora, na kwa mtunza saa aliyethubutu kumkatiza kiranja mkuu.

Sherehe ni kwa lugha gani? Mara ya mwisho sikuelewa hotuba hata moja.

Samahani kwa hilo, mama. Kiingereza kilituzidi. Sasa mshereheshaji anatumia Kiswahili, na Kiingereza pale panapobidi. Tororo ni mpakani na Kenya: sokoni tunauziana kwa Kiswahili, Malaba madereva wanagombana kwa Kiswahili, halafu tukifika shuleni tunakiona kigeni. Katiba yetu imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya 2005, baraza la mawaziri likatilia mkazo ufundishaji wake Julai 2022, na wanafunzi wetu wa S.1 na S.2 wote wanakisoma. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, klabu yetu hushindanisha ngonjera, na washindi hurudia kazi zao mbele yenu Siku ya Pongezi.

Mzazi akitaka kushukuru kwa Dhopadhola au Ateso, ashukuru. Mtoto mmoja atasimama kando yake kutafsiri, na huyo naye tunampa cheti.

Zawadi ni nini? Nasikia shule nyingine wanatoa pesa.

Sisi hatutoi pesa. Tunatoa kamusi, seti ya hisabati, beseni, madaftari. Wanaolala bweni wanapenda sana moja: msamaha wa kuleta rimu ya karatasi na mifagio muhula unaofuata. Wazazi wao wanaipenda zaidi.

Naweza kumvisha mwanangu shada na kumtunza noti akiwa jukwaani?

Shada, ndiyo. Noti, hapana. Tuliwahi kuruhusu, na mwaka huo mtoto mmoja akafunikwa noti hadi shingoni, mwenzake aliyeshinda naye kitu kilekile akasimama pembeni mikono mitupu, kwa sababu aliyekuja kumwakilisha ni dada yake wa P.4. Mtunze nyumbani, mtunze mpaka aone haya, lakini si hapa.

Tukiwa hapohapo: msafara wa boda boda wenye kupiga honi kuanzia mjini hadi getini tafadhali uishie barabarani. Kuna zahanati jirani.

Picha za watoto mtaziweka mtandaoni?

Si bila ruhusa yako. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya na kutumia taarifa binafsi za mtoto, na picha yenye jina, darasa na shule ni taarifa za kutosha kumfanya mtu asiyemjua amtafute. Kuna fomu ya ukurasa mmoja. Ukikataa, mwanao atapigwa picha ya kumbukumbu ya familia tu, na atakabidhiwa.

Ombi kwa wazazi: ukipiga picha ya mwanao, angalia aliye nyuma yake kabla hujairusha kwenye kundi la WhatsApp. Na ripoti ya mtoto usiipige picha kabisa, hata kama ni nzuri. Hasa kama ni nzuri.

Watoto wa Top Class, wanaomaliza chekechea, watavaa majoho?

Hapana. Wataimba wimbo mmoja, watakula keki, watalala.

Mgeni rasmi ni nani mwaka huu?

Atakuwa mtu aliyesoma hapa. Miaka miwili iliyopita alikuja mwanafunzi wetu wa zamani ambaye ni fundi wa friji mjini. Aliongea dakika saba, akafungua friji ya jikoni iliyokuwa imekufa tangu Pasaka, akaitengeneza watoto wakitazama. Waheshimiwa wanaotaka kuja wanakaribishwa kama wazazi. Kipaza sauti kina zamu.

Mwanangu yuko hapo mwaka wa tano. Hajawahi kuitwa hata siku moja. Nije kufanya nini?

Barua yenye swali hili ilikuja imekunjwa mara nne, haina jina. Nimeisoma katika mkutano wa walimu, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Mtoto kukaa miaka mitano bila mtu mzima kumwona akifanya jambo jema, hilo ni kosa letu, si lake. Tulichokifanya ni hiki: mwanzoni mwa kila muhula orodha ya darasa inagawanywa kwa walimu, watoto kumi au kumi na wawili kwa kila mmoja, wakiwemo mpishi na askari wa getini. Kila mmoja wetu anatakiwa aandike jambo moja la kweli kuhusu kila mtoto wake. La kweli, maana watoto wanajua pongezi ya bure ikoje, wanaicheka bwenini. Askari wetu alileta karatasi yake mwaka jana. Ya mmoja ilisema: "Kila asubuhi ananisalimia, halafu anamsubiri yule wa P.2 mwenye mguu mbaya, anambebea begi hadi mlangoni." Hakuna mwalimu aliyekuwa anajua. Tulikuwa tunamwandika mchelewaji.

Kwa hiyo njoo, mama, au baba. Na ukipenda, nipitie ofisini wiki hii uniambie jina lake. Sitalitaja kwa mtu. Nataka kuona yuko kwenye orodha ya nani.

Naweza kusema kitu kuhusu mwanangu ambacho shule haikijui?

Andika kwenye kipande cha karatasi, hata kwa penseli, ukiache getini kabla ya Alhamisi. Mmoja aliandika kwamba mwanawe anamfundisha kusoma. Tuliusoma ujumbe huo kwa idhini ya wote wawili.

Chakula?

Pilau na kabichi. Wanaokula mboga tu wamwambie mpishi mapema, hapendi kushtukizwa.

Inaanza na kuisha saa ngapi, na mvua ikinyesha?

Saa tatu asubuhi, na kwa kweli saa tatu. Tunamaliza saa kumi jioni ili wanaokwenda Malaba na Nagongera wafike kabla ya giza. Mvua ikinyesha tunaingia ukumbi wa kulia, tunabanana. Sigiri moja itakuwa inawaka verandani kwa ajili ya ngoma. Msiweke birika juu yake.